Simu Yako Kuukuu Imesema

Kwa kaka yangu wa pekee,

Shikamoo kaka. Natumaini bahasha hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wanangu, na kile kikohozi cha wifi kimeshamwacha. Mimi mwili hauna neno. Vidole vinauma kwa kusuka, lakini siku utakayosikia haviumi ujue saluni imefungwa. Baba na mama wapo. Nilitaka niandike "hawajambo kabisa" kama ninavyosema siku zote, ila kalamu imekataa, na kwa nini imekataa utajua ukisoma mpaka chini. Usirukie mwisho. Nakujua wewe.

Najua umeshangaa kuniona kwenye karatasi, mimi ambaye wewe mwenyewe ulinibandika jina la Redio. Mara ya mwisho kukuandikia kwa kalamu ulikuwa bwenini na nilikuwa nakuomba peremende. Ningeweza kukupigia. Lakini baba ameomba kwamba habari hii iandikwe, tena iandikwe hapa mezani, na sikuwa na uso wa kumkatalia.

Kwanza nikushukuru kwa simu. Yule dereva wa lori rafiki yako aliifikisha salama. Uliniambia ni kuukuu nisitegemee makubwa, na nilipoifungua nikaona hukutia chumvi hata kidogo. Kioo kimepasuka kuanzia pembeni mpaka katikati. Ni nzito kama nusu tofali. Picha zake zina ukungu, kila mtu anatoka kama amepigwa akiwa bafuni. Redio inayo, ila haishiki mpaka uchomeke waya wa masikioni, na baba yetu na waya wa masikioni wapi na wapi? Nikitaka kuweka kitu chochote inaniambia imejaa, ikabidi nifute picha zako za matairi. Kaka, najua unauza matairi, lakini mtu anapigaje picha za matairi kiasi kile? Na chaji ndiyo usiseme. Ukiitoa kwenye umeme inashuka huku unaitazama, halafu inazimika bila hata kuaga.

Hata hivyo niliipeleka kwa fundi simu, yule mama wa jirani na saluni mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na moja kichwani. Akaipindua, akaufungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, akasema simu za namna hii hazitengenezwi tena na betri yake hataipata, lakini kinasa sauti chake ni kizima kuliko vya simu nyingi mpya. Akaniwekea ile programu niliyokuambia, ya watu wasiosikia. Unaiweka simu mezani, watu wanaongea, na yenyewe inaandika maneno yao kwenye kioo kwa herufi kubwa. Na kwa kuwa kile kitufe cha pembeni cha kuwashia kimezama ndani na hakirudi, akaitengeneza kioo kisizimike chenyewe. Ikae kwenye chaji mchana kutwa, akasema, iwe inawaka tu, maana ikizimika kuiwasha tena ni kazi. Nikaitikia ndiyo ndiyo huku nafikiria mteja niliyemwacha na kichwa nusu. Kaka, hayo maneno ya fundi yashike, tutayarudia.

Siku ya kwanza nilidhani baba ataitupa. Akaiangalia kwa jicho la mashaka kama anavyoangalia bati lenye kutu. Mama akasema chai imezidi sukari. Tukangoja. Simu ikafikiri, ikafikiri, halafu ikaandika: chai imezidi sukari. Baba akayafuata maneno kwa kidole chake kile cheusi, akayarudia kwa ile sauti yake asiyoijua ukubwa wake, kisha akanywa chai, akasema ni kweli imezidi. Tangu nyundo na mabati vimnyang'anye masikio, hakuna aliyewahi kumwambia jambo dogo kama lile. Sisi tulikuwa tunamwambia makubwa tu, kwa kumwandikia kiganjani: njoo, kula, daktari, msiba. Nilitoka nikaenda kulia jikoni, na nikajisingizia vitunguu ambavyo havikuwepo.

Ila inachelewa! Jirani yetu mshona viatu alikuja akatoa kichekesho chake kimoja cha siku zote, akaaga, akawa ameshafika getini ndipo baba akaangua kicheko. Yule bwana alirudi mbio kuuliza kumetokea nini. Na mimi nikisema, simu inaandika maneno mawili, inaweka nukta tatu, inanyamaza kama mtu aliyekata tamaa. Baba alifurahi sana kuona hilo, akasema hata mashine imeshindwa na Redio.

Sasa kaka, nikukumbushe jambo ambalo hatukuwahi kulitamka. Wewe na mimi tumekulia katika nyumba ambamo mtu mwenye siri haendi uani, anakwenda kukaa karibu na baba. Shangazi aliileta pale habari ya kuachika kwake kabla ukoo haujajua. Mimi mchumba wangu wa kwanza nilimsimulia pale. Tulikuwa tunakaa karibu na baba kwa sababu ana joto la mtu na hana masikio. Na mama ndiye kinara wetu. Mimi nikishatoka kwenda saluni asubuhi, anakaa mkabala na baba na kikombe chake na kumwaga yote yaliyo moyoni, na baba anamtazama na kutikisa kichwa. Nilikuwa nikirudi kuchukua kitu nilichosahau namkuta kwenye maongezi, nikidhani ni uzee, anaongea peke yake.

Tulipokuwa tunaizoea simu, baba naye akaanza vituko. Nilikuambia juujuu kwenye simu, ila hukuviona. Alitoa mkasi wake wa bati na tupa, akaanza kukata vibati vidogo. Cha duara akakipigilia kwenye fremu ya mlango wa jikoni, chini kidogo ya usawa wa bega. Cha pembe tatu bafuni. Kwenye mlango wa chumbani kwao kimoja chenye meno kama sega, kingo zote amezisugua mpaka hazikati. Juu ya ngazi, mahali pa kuanzia kushuka, akaweka bati refu lililokunjwa. Stuli ya mama akaivuta mpaka ukutani, na nilipoirudisha mahali pake aliniangalia kwa hasira ambayo sijaiona tangu tukiwa watoto. Nikimuuliza kwa kumwandikia kiganjani, anasema ni mapambo. Mapambo! Baba yetu, ambaye hajawahi kupamba hata kuku!

Mimi nikasema hapo akili zimeanza kuhama. Ndiyo maana nilikupigia ile siku, na ndiyo maana ulisema tusingoje tena harusi yangu. Unakumbuka tulivyopanga. Nyumba ya mume wangu mtarajiwa ina chumba kimoja cha ziada na kitanda chembamba, kwako kuna kile chumba cha uani, kwa hiyo baba aje kwako na mama aje kwangu, nyumba hii ipangishwe. Ulisema utakuja na gari mwisho wa mwezi. Tulikubaliana mama tutamwambia taratibu, na baba atajionea akishafika. Mikono yangu ilikuwa na rangi ya nywele, kwa hiyo nilikuweka kwenye spika ya simu yangu. Mama alikuwa jikoni. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kando ya meza yenye simu yako, akisugua bati, na nilimpa mgongo bila wasiwasi wowote.

Kesho yake maji yalikatika saluni, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa nje anaanika nguo, baba yuko bafuni. Nikawa nafuta meza. Simu ilikuwa mahali pake, kwenye waya wake, inawaka. Nikasogeza kikombe, nikayaona maneno. Nayanakili kama yalivyokuwa, bila nukta wala mkato, maana ndivyo inavyoandika:

"mzee wangu sijui nani kakutuma kupigilia hivi vibati lakini Mungu akulipe leo nimefika bafuni bila kugonga ukuta"

Kaka, nilisimama pale na kitambaa mkononi. Nikadhani simu imekosea, kama inavyokosea nikiongea mimi. Nikasogeza kwa kidole kwenda chini.

"hili la kushoto limekwisha kabisa la kulia ndiyo nakuona wewe kidogo ukikaa dirishani kama mtu aliye nyuma ya pazia watoto wasijue jana nimewasikia kwenye spika wanatugawana kama vyombo wewe kwa kijana mimi kwa binti sasa mimi kwenye nyumba ngeni nitaujuaje hata mlango"

Kitambaa kilinidondoka. Sijui nilikaa muda gani kwenye kiti, najua tu kwamba nilikuwa nimekaa. Mama haoni! Mama, ambaye nalala naye nyumba moja, nakula naye sahani moja, ambaye hunisifia misuko yangu kila Jumapili! Na hapo kila kitu nilichokiona kwa macho yangu haya mazima kikaanza kugeuka. Alivyoacha cherehani, akasema mgongo unamsumbua. Anavyopapasa kichwa changu anapokisifia, nami nadhani ni mapenzi. Anavyomshika baba mkono barabarani, na sisi tukisema tazama anavyomlinda mumewe asiyesikia magari. Anavyokaa stuli ileile, anavyotaka vikombe visihamishwe kabatini, na mimi nikimwita mkali wa vyombo. Hata nguo alizokuwa anaanika wakati ule, nilichungulia dirishani nikamwona anaitafuta kamba kwa mikono yote miwili.

Na simu, kaka. Simu ilikuwa inawaka mbele ya uso wake. Kioo kinang'aa, kinaandika kila neno lake kwa herufi kubwa kuliko kidole gumba. Mtu yeyote mwenye macho angenyamaza. Yeye aliendelea kwa sababu hakukiona. Yale maneno ya fundi sikuwahi kumwambia, na yeye alidhani simu haiandiki mpaka mtu aiwashe.

Baba akatoka bafuni akanikuta hapo. Aliniangalia mimi, akaiangalia simu, akajua. Nikasahau hata kumwandikia kiganjani, nikaiinamia simu na kuuliza kama ni kweli mama haoni. Halafu tukangoja. Yesu wangu, sijawahi kuichukia mashine kama nilivyoichukia ile kwa kuchelewa. Tumeinama wote wawili juu ya kioo kilichopasuka, na chenyewe kinafikiri, na mimi nasikia nyayo za mama zinapanda ngazi, nikasikia mkono wake unagusa kile kibati cha duara. Maneno yakatokea. Baba akayasoma, akanijibu kwa sauti yake ileile inayofika kwa jirani, kwamba ni kweli, mama yako haoni, na kwamba nisimwambie yeyote maana mama hapendi ijulikane.

Mama alikuwa mlangoni na beseni tupu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama aliliweka beseni chini polepole, akauliza nani amemwambia baba. Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikichanganya fundi na kitufe na kioo, mpaka akaelewa kwamba tangu simu ije, kila asubuhi aliyokaa na mumewe, maneno yake yote yameandikwa, na mumewe ameyasoma yote baadaye na chai yake. Alishika kifua. Alikaa sakafuni palepale. Mimi nilidhani tumempoteza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama simu iliyaandika pia yale ya kwamba baba ana mkono wa birika, na yale ya mama mkwe wake. Simu ikayaandika hayo nayo. Baba akayasoma, akacheka mpaka akashika meza, akasema hayo alikuwa anayajua hata bila simu.

Ndipo mama akalia. Alisema alimwambia mumewe kwa sababu alijua hatasikia. Alihitaji kuyasema mahali, na mahali pake ni pale. Baba alisema alilijua hilo, ndiyo maana alinyamaza, akaona ajibu kwa mkasi wa bati. Alikuwa akiiacha simu mezani makusudi bila kuitazama, mama aseme kwa raha yake. Kaka, na mimi nilikuwa nimekupigia simu kukuambia kwamba baba yetu ana wazimu.

Tumekwenda kwa daktari wa macho, wote watatu. Amesema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula pole pole bila maumivu. Kilichopotea hakirudi. Kile kidogo cha jicho la kulia kinaweza kubaki akitiwa dawa ya matone kila siku bila kukosa, ila angekuja mapema ingekuwa hadithi nyingine. Aliuliza kwa nini mgonjwa alificha. Mama alimjibu kwamba alijua asiyesikia na asiyeona hawaachwi kukaa peke yao, na aliogopa kutenganishwa kuliko alivyoogopa giza. Daktari aliniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu. Tuliporudi, baba alinivuta mpaka mezani, akasogeza maneno ya simu kurudi nyuma kwa kile kidole chake cheusi, akanionyesha. Ile programu inatunza maneno siku kadhaa. Mazungumzo yetu ya kwenye spika yapo, kaka. Sauti yangu ina nukta nukta nyingi, lakini yako imeandikwa vizuri, kila neno, kwa sababu wewe unaongea taratibu. Yapo yale uliyosema: baba popote ni sawa tu, hasikii kitu, mradi apate kiti na dirisha. Na chini yake nipo mimi, nacheka, naongezea: na vibati vyake. Baba alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wangu siku ile, na aliyasoma tukiwa hatujakata simu.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniambia tu kwamba si sawa popote. Alisema sakafu ya nyumba hii ni ya mbao, na mama akiingia chumbani mbao zinatikisika chini ya miguu yake, kwa hiyo anajua ameingia kabla hajageuka. Hivyo ndivyo alivyomsikia mkewe miaka yote hii. Kwako ni vigae juu ya saruji. Alisema kwako hatajua kama kuna mtu duniani.

Kaka, usije na gari kumchukua. Hakuna anayekwenda popote. Mume wangu mtarajiwa nimemweleza yote, nikiwa tayari hata kuvunja uchumba. Alikuja akakagua nyumba kimya kimya kama kawaida yake ya ufundi umeme, kesho yake akafunga kengele getini ambayo ukiibonyeza taa ya sebuleni inawaka na kuzima, baba aone. Kisha akauliza kama chumba chako cha zamani kina soketi inayofanya kazi. Nadhani tutahamia huku.

Barua hii nimeiandika mezani kama baba alivyotaka. Amesema kuanzia sasa jambo lolote linalomhusu lipite mbele ya macho yake kwanza. Ameisoma yote, na kwa kuwa mama hawezi kuisoma, amemsomea, kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Mshona viatu amesikia habari za kichekesho chake na amenuna. Mama anataka nifute pale nilipoandika kwamba alikaa sakafuni, anasema aliinama kuokota beseni. Sijafuta.

Baba anasema uje mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, ila gari lije na mbao za kutengeneza reli ya ngazi, na likiondoka liondoke na wewe tu. Simu mpya usilete, hii ameizoea. Mama naye ana la kwake. Anasema ukifika, kabla hujala, ukae pale mezani mkabala na baba umwambie mwenyewe ulichonacho cha kumwambia. Useme taratibu, kama unavyosema siku zote. Halafu usiinuke, ungoje mpaka asome.

Msalimie sana wifi na uwabusu wanangu. Wote hapa wanakusalimu, mmoja kwa sauti ambayo huenda umeisikia huko huko.

Mdogo wako,
Redio